Pikipiki Iliyofika Bila Kunguruma

Muhogo uliolowekwa una harufu yake, kali na chachu, lakini ukianikwa juani harufu hiyo hulainika ikakaribia kuwa tamu. Kule Angurai mawe ni mengi kuliko watu, na siku ile kila jiwe lilikuwa limefunikwa kwa muhogo mweupe. Katikati ya harufu hiyo nikasikia nyingine, ya petroli, nikajua tumefika. Pikipiki ilikuwa imeegemezwa kando ya ghala la mtama, nyekundu, tangi limebonyea upande mmoja, kiti kimeshonwa kwa uzi wa nailoni. Hadi leo nikinusa petroli asubuhi, kabla jua halijawa kali, nahisi kuna muhogo umeanikwa mahali karibu, hata kama nimesimama katikati ya jiji. Pua haijui kwamba miaka imepita.

Nilikuwa na miaka tisa. Kwetu ni Rukala, kule chini Budalang'i ambako ardhi ni tambarare na maji ya mto Nzoia huja kututembelea bila kualikwa, kwa hiyo kati ya ile pikipiki na nyumbani kulikuwa na kaunti nzima ya Busia, kaskazini hadi kusini. Baba alikuwa mlinzi Nairobi. Alikuja mara mbili kwa mwaka, na kila alipokuja mbwa wetu alimbwekea kwanza, jambo lililomfanya acheke kwa sauti kisha amtupie kipande cha mkate wa safari. Kabla ya Nairobi alikuwa bodaboda wa baiskeli mjini Busia, akivusha watu mpaka wa Uganda kwa nguvu za magoti yake. Likizo hiyo alikuja na habari kwamba kuna mzee Angurai anauza pikipiki. Nilimsikia akimwambia mama jikoni, "Hii kitu ikifika hapa nyumbani, mimi sirudi Nairobi tena. Isipofika, Jumatatu napanda basi." Mama aliendelea kuchambua dagaa wa omena. Lakini kulipokucha alinisugua miguu kwa jiwe, akanivalisha gauni la kanisani na kuniambia niende na baba. Mama aliamini kwamba mwanamume anayekwenda mbali na pesa apewe mtoto. Mtoto huona njaa, huuliza tutafika saa ngapi, na mwenye mtoto mkononi haketi sana penye pombe ya busaa. Niliichukua kazi hiyo kwa uzito wote. Nilimtaka baba yangu nyumbani, na sikuona haya kumtaka.

Mwenye pikipiki alikuwa mzee mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye magoti yalikuwa yamemkataza kupanda chombo chochote. Waliongea na baba kwa muda mrefu kuhusu mvua na bei ya mahindi, kana kwamba hakuna kitu chekundu kilichosimama pale kinachotazamwa na kila mtu. Mwishowe walipeana mikono. Ndipo mzee akainama akafungua kwenye kiti mpira mrefu mweusi wa kufungia mizigo, akaukunja vizuri na kuutia mfukoni. Baba alikuwa ameshika mfuko wa njugu tuliopewa na mke wa mzee, akauliza kwa upole, "Sasa mzee, huu mzigo nitafunga na nini?" Mzee akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Kijana, kamba ya ng'ombe haiuzwangi. Nikikupa kamba, boma yangu itabaki na nini?" Baba akakubali palepale, tena kwa heshima, maana hata kwetu anayeuza ng'ombe hubaki na kamba yake. Hivyo ndivyo nilivyotoka Angurai nimekumbatia mfuko wa njugu tumboni na mgongo wa baba kifuani, na kati ya viwili hivyo sikuwa na mkono wa kukunia pua.

Baba alikuwa amejifunzia pikipiki huko Nairobi, akizunguka uani kazini, mahali ambapo hakuna mlima hata mmoja. Mazoea yana taabu. Tulipofika kwenye mwinuko wa kwanza alipunguza mwendo, akasimama, akageuka na kuniambia, "Shuka, mama." Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nikashuka. Naye akashuka, akashika usukani na kuanza kuisukuma pikipiki juu huku injini ikiwa bado inanguruma, na mimi nikimfuata na njugu zangu. Ndivyo walivyofanya watu wa baiskeli, abiria hushuka mlimani, na baba hakuwa amewahi kuambiwa kwamba mlima umebadilika. Vijana wawili wakatupita wakipiga honi. "Mzee! Hiyo iko na injini!" mmoja akapaza sauti. "Na wewe uko na mdomo!" baba akamjibu, lakini niliona masikio yake yamejaa aibu. Mwinuko wa pili aliupanda bila kushuka, ila akainama mbele na kukaza miguu kana kwamba anapiga pedali.

Kutoka hapo siku ile ilianza kunipitia kama ndoto, na siwezi tena kutofautisha nilichokiona na nilichokiota mgongoni mwa baba. Malaba nakumbuka malori tu, yamepangana hadi macho yanachoka, na madereva wamelala chini yake kwenye mikeka kana kwamba wako nyumbani kwao. Busia tuliingia wakati wa adhana ya adhuhuri, na baba akaendesha polepole kwenye barabara yake ya zamani. Watu walimwita kwa jina nisilolijua, jina la ujana wake, naye aliitika kila mara kwa kunyoosha mkono. Mwanamke mmoja aliyeuza vitenge alimpungia akacheka, "Leo umepata miguu ya chuma!" Niliona kwamba kulikuwa na mji mzima uliomjua baba yangu kuliko mimi, nikaona wivu mkali. Nikamkumbatia kwa nguvu zaidi.

Baada ya Funyula tulipanda vilima vya Samia, na tulipofika mgongo wa mwisho baba alisimamisha pikipiki. Chini yetu nchi ilifunguka. Uwanda wetu ulikuwa umelala kijani na mng'avu baada ya mvua, na mbali kabisa ziwa lilikuwa mstari mweupe ambao ungeweza kudhani ni wingu. "Sasa mlima ndio utatubeba," baba akasema. Akainama akageuza kitu kidogo chini ya tangi, akazima injini, akaachilia breki. Tukaanza kuteremka bila sauti. Nilisikia upepo, na kengele ya mbuzi, na watoto wakiimba mahali nisipopaona, na moyo wa baba kupitia shati lake. Hakuna aliyetusikia tukija. Tuliwapita wanawake waliobeba kuni, nao wakageuka tukiwa tayari tumeshapita, kama ndege. Niliwaza kwamba kama dunia ingekuwa na huruma, mteremko ule usingeisha.

Uliisha. Pale chini baba alipiga teke kuiwasha, ikawaka kidogo, ikazimika, ikakataa. Akapiga tena na tena hadi shati likamganda mgongoni. Kisha akaketi kando ya barabara, akaweka kichwa mikononi, na akasema bila kunitazama, "Basi. Nitapanda tu hiyo basi ya Jumatatu." Sijui kama mtu mzima anaweza kuelewa maneno hayo yalivyoniingia. Nilimwomba Mungu hadi taya zikauma. Mwendesha pikipiki mmoja akasimama, akatoa kamba. "Boss, wacha nikuvute mpaka kwako." Baba akatikisa kichwa. "Asante ndugu. Ng'ombe ya kununua haiingizwi boma na mtu mwingine." Yule akaondoka akicheka. Nikamshika baba mkono, nikamwambia, "Baba, hukusema lazima ingurume. Ulisema ifike." Alisimama, akajikung'uta vumbi. Kisha akaniinua, akaniketisha kwenye kiti pamoja na njugu zangu, akashika usukani na kuanza kusukuma.

Hivyo ndivyo tulivyovuka uwanda. Jua lilikuwa linazama upande wa ziwa, matete yalikuwa ya dhahabu, na pikipiki ilikwenda kimya, magurudumu yakinong'ona kwenye udongo. Baba alisukuma kwa mwendo ule wa zamani wa baiskeli, bila pupa, akivuta pumzi kwa kipimo. Nililala nimeinamia tangi, nikaamka, nikalala tena, na kila nilipofungua macho bega lake lilikuwa palepale. Sijawahi kulala vizuri namna hiyo tena. Tulipoingia uani mbwa hakubweka. Mama alitoka na taa mkononi, akaitazama pikipiki, akamtazama baba aliyelowa jasho, akaniangalia mimi.

"Imekataa," baba akasema. "Hata sijui imekufa nini."

"Iko wapi?" mama akamuuliza.

"Si hii hapa?"

"Basi imefika," mama akasema, na akaenda kumtafutia maji ya kuoga.

Asubuhi jirani yetu, fundi wa baiskeli, alikuja kumpa baba pole. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliinama, akagusa kitu kidogo chini ya tangi kwa kidole kimoja, akapiga teke mara moja tu. Ikanguruma hadi kuku wakatawanyika. Kumbe pale mlimani baba alikuwa amefunga petroli isipotee bure, kama mtu anayefunga mfereji wa maji ya kununua, na akasahau kuifungua. Tulicheka hadi mama akaketi chini. Jumatatu ile basi liliondoka, na baba alikuwa uani akiosha pikipiki kwa sabuni ya kipande.

Siku hizi Rukala ina pikipiki nyingi kuliko baiskeli, zinabeba makochi, zinabeba majeneza, na hakuna mtoto anayezishangaa. Safari yetu ya siku nzima sasa mtu huimaliza kabla hajanywa chai yake ya pili. Baba hakurudi Nairobi. Alikuwepo nilipougua, alikuwepo maji yalipovunja kingo na watu wakalala shuleni, amezeeka mbele ya macho yetu, na mbwa wote tuliofuga baada ya yule walimjua. Nilipata nilichoomba, na si wengi wanaoweza kusema hivyo. Nairobi nimekuja mimi. Nafanya kazi ya kushona kiwandani, narudi nyumbani mara mbili kwa mwaka, na binti yangu anakaa kwa wazazi wangu kwa sababu mshahara wangu hautoshi kumlea mtoto mjini. Babu yake humsimulia mara nyingi safari ile ya pikipiki. Desemba iliyopita walinisindikiza barabarani. Binti yangu hakulia. Alilitazama basi langu kwa makini, magurudumu yote, kisha akamvuta babu yake mkono na kumuuliza kwa sauti ndogo, ya heshima, "Babu, hii basi ya mama haiwezi haribika?"

Baba akaniinulia mfuko wangu mlangoni. Nilipanda, nikaketi dirishani. Basi lilikuwa zima kabisa, na nikafika Nairobi salama.