Kamio Haikugonga Kitu

Mwaka 1972 nilikuwa na miaka tisa, na taabu yangu ilianza na harufu: mawese, magunia ya mpunga yaliyolowa, na moshi wa mazuti, yaani dizeli. Papa, baba yangu, alifariki kabla ya mvua kubwa. Ndugu zake walichukua baiskeli, redio na shamba, wakatuachia sufuria. Mama hakulia mbele yao. Alinitoa shuleni, darasa la tatu, tukaanza kupanda kamio, ndivyo tunavyoliita lori huku Kisangani, kwenda upande wa Bafwasende kununua mawese na mpunga, kisha kurudi kuuza sokoni. Nasema wazi, sikusoma. Nilichojifunza nilijifunzia juu ya magunia.

Juu ya magunia kulikuwa na sheria zake. Hakukuwa na viti. Kila mtu alijichimbia shimo katika mzigo, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mahali pazuri palikuwa nyuma ya kabini, ambapo matawi ya msitu hayakupigi usoni na kamba ya mzigo iko karibu na mkono. Wachelewaji walikaa ukingoni, wakitukana kila bonde. Na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa hii: ukishuka, mahali pako pameshuka nawe. Ungerudi ukute mtu amekwisha kujilaza pale, anakoroma kwa makusudi. Kwa hiyo kamio ilipofika kwenye shimo la potopoto, yaani tope, na shofere akaamuru watu washuke, walioshuka ni wageni na wajinga. Wenye mahali pazuri walibaki juu, wametulia kama machifu. Mama hakuwa mjinga. Alikuwa nyuma ya kabini, mgongo wake kwenye bidoni zake, madumu ya mawese, na mahali pale alikuwa amepapigania tangu alfajiri.

Siku ile mvua ilikuwa imekatika asubuhi. Shimo lilikuwa na urefu wa nyumba, maji yake mekundu, mazito kama uji. Konvwayere wetu, yule anayefunga mzigo na kupakia watu, alikuwa kijana aitwaye Bahati, mwenye sauti ya kuamsha wafu. Alipiga ubao kwa kiganja.

“Mama Zaina, shuka! Kamio itainama!”

“Nishuke, nani atanichungia mahali? Weye?”

“Bon, baki. Ukivunjika, usiite jina yangu.”

“Nitaita ya mama yako, yeye ndiye alikuzaa bila adabu!”

Watu wote wakacheka, hata shofere. Kisha mama akanigeukia mimi. “Zaina, weye shuka. Mutoto hana mahali ya kupoteza.” Nikashuka nimenuna.

Watu walikata matawi, wakayatandika chini ya magurudumu, wakasukuma kwa wimbo. Kamio iliinama, ikainama zaidi. Halafu ikaruka ikatoka. Haikupinduka. Haikugonga mti wala gari lingine. Ilitoka tu, kwa mruko mmoja, na watu wakashangilia kama wamemshinda adui. Nilitazama juu. Mama alikuwa amefungua kinywa wazi, nikadhani naye anashangilia. Nikampungia mkono.

Kamba ilikuwa imekatika. Bidoni zilikuwa zimemlalia zote, na mguu wake wa kushoto umebanwa kati ya bidoni na ubao wa ubavuni. Mawese yalichuruzika, mekundu, hatukujua yapi ni mafuta na ipi ni damu. Bahati ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda. Alizitupa bidoni matopeni moja moja, akisema, “Mama, pardon. Mama, lala. Usiangalie.” Shofere yeye aliizunguka kamio, akagusa tairi, akachungulia springi. “Hakuna aksida,” akasema, yaani ajali. “Kamio iko nzima.”

Mjini, muuguzi aliniuliza, “Mligongana na nini?”

“Hatukugongana.”

“Mlipinduka?”

“Hapana.”

Akanitazama kana kwamba mguu ule uliovunjika tumeuiba mahali.

Majirani nao walikuja na methali yao: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walimwambia mama akiwa kitandani, huku wakila wali wake. Methali nzuri, lakini haijawahi kupanda kamio. Haijui maana ya mjane kupoteza mahali pake na kukaa ukingoni hadi Kisangani.

Mguu ulipona mfupi. Swali nyumbani likawa moja tu: je, atapanda tena? Maana asiyepanda hanunui, na asiyenunua hali. Siku moja tulikwenda kwenye maegesho. Alishika ubao, akainua mguu mzima, ule mwingine ukakataa kumsukuma. Akajaribu tena. Watu walimpita, wakakanyaga karibu na vidole vyake, wakapanda. Mama alibaki ameshika ubao, kisha akafungua kitenge chenye fedha, akanifunga nacho mimi kiunoni.

“Panda weye,” akasema. “Na kwenye shimo, shuka.”

Nilishuka. Lakini nilivua kandambili moja nikaiacha mahali pangu. Niliporudi, papa mmoja mnene, mwanamume wa makamo, alikuwa ameikalia.

“Tonton, umekalia mutu,” nikamwambia.

“Mutu gani? Hii ni kiatu!”

Bahati akadakia kutoka chini: “Kiatu ya mutoto wa Mama Zaina ni mutu! Ondoka!” Watu wakacheka, papa akahama. Kwenye shimo lililofuata niliona kiatu cha pili, kisha cha tatu. Kwenye kamio zangu, maana sasa ninazo, kiatu kuchunga mahali ndiyo sheria hadi leo.

Lakini nimechoka. Barabara ni ileile, shimo ni lilelile, limezeeka pamoja nami. Mvua zilizopita, mwanafunzi mmoja alibaki juu ya kamio yangu, eti suruali yake mpya isichafuke. Kamio ilivyoruka kutoka shimoni ikamtupa, mgongo ukaumia. Nilikwenda kumwona hospitalini. Muuguzi, mtoto mdogo kabisa, akaniuliza tuligonga nini. Nilikaa kwenye benchi, nikafungua kitenge changu nilipe dawa.

Nina nyumba ya matofali mtaani Mangobo. Nina kamio mbili, moja inatembea, nyingine inangoja injini. Nina mashine ya kukoboa mpunga. Nina kigoda ambacho mama alikalia akiuza mawese mpaka alipokufa, na viatu vyake vya mwisho, cha kushoto kimeongezwa soli nene ya raba ya tairi. Na nina miguu miwili inayolingana.