Ubishi wa Matairi

Nilienda na maswali ishirini na mawili. Naandika tasnifu kuhusu wachumi waliopanga soko la pamoja la Afrika Mashariki wakati nchi zetu zinapata uhuru, na mmoja wa walio hai bado anaishi ghorofani Kariakoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Funga daftari lako, tushuke sokoni."

Akateremka ngazi na fimbo yake, mwepesi kuliko mimi. Njiani akanisimulia: walikuwa vijana watatu, mmoja kutoka kila nchi, wakigawa viwanda ili kila upande uwe na cha kuwauzia wenzake. Baiskeli huku, balbu kule. Kwenye matairi wakakwama siku tatu nzima. Yeye aliyataka Dar, Mganda hakubali. Mwishowe Dar ikashinda, lakini Mganda hajasamehe hadi leo.

Sokoni mzee alikuwa kama mtoto siku ya Idi. Kila kitu anashika, anauliza kimetoka wapi. Kwenye duka la vitenge tukamkuta mama mmoja akifunga mzigo.

"Unapeleka wapi, mama?"

"Kampala, mzee wangu."

Mzee akapiga makofi. Hapohapo akampigia simu rafiki yake, yule yule Mganda, akaweka spika.

"Wewe! Watu wako wamejaa hapa chini ya nyumba yangu, wananunua!"

"Matairi yalikuwa yetu!" simu ikajibu. Hata salamu hakuna.

Nilicheka mpaka nikaegemea marobota. Mwenye duka akauliza matairi gani hayo. Nikamweleza, na muda si muda kichochoro kizima kikagawanyika. Msukuma mkokoteni akasimamisha mzigo wake: "Dar kuna bandari, mpira unashukia hapa!"

"Na barabara mbovu ziko kwetu," mama wa Kampala akajibu. "Nani anamaliza matairi?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee akajishika mbavu, machozi yanamtoka.

"Siku tatu," akaniambia, "wachumi watatu, na hoja hiyo hakuna aliyeifikiria!"

"Mpe simu huyo mama!" Mganda akapiga kelele. Wakaongea Kiganda kwa kirefu, wakicheka, sisi tumewatolea macho tu.

Sikuuliza swali hata moja. Nilitembea kwa miguu kurudi Posta, na pale Mnazi Mmoja watu walinishangaa: dada mzima, mkoba begani, anacheka peke yake.