Mwamba Chini ya Uwanja wa Mama

Mama alikuwa anaumwa magoti na maji aliyachota mtoni, ndiyo maana nikasafiri kutoka mjini na wachimbaji wa kisima hadi nyumbani kwetu Mlali. Udongo ulichimbika vizuri, kisha mashine ikawa inanguruma tu bila kushuka. Fundi akakitoa kichwa cha keekee, kile chuma cha kuchimbia. Meno yake yote yalikuwa yamelika.

"Mama, samahani," alisema. "Hiki kimeundwa kukwangua udongo. Mwamba huu unataka kichwa chenye vinundu vigumu vya kuuponda, nacho hatuna."

"Sasa tufanyeje, baba?" mama akamuuliza.

Fundi akanitazama mimi. Walipofungasha mabomba na kuondoka, mama alichukua ndoo ashuke mtoni. Nikataka kumpokea ndoo, akakataa.

"Kapumzike," aliniambia. "Umechoka na safari."