Maombi kwa Spika ya Simu

Kabla mwanangu hajaugua, nilikuwa mtaalamu wa imani ya wazazi wenzangu. Kanisani kwetu Tunduma mimi ni mzee wa maombi, na mzazi akileta mtoto mgonjwa nilimuuliza kwanza, kwa upole uliojaa kiburi, kama anaamini kweli. Akisita, nilijua tatizo liko wapi.

Binti yetu alikuwa na miaka mitatu. Jumatano asubuhi alikunywa uji, akaomba aongezewe, na kabla mama yake hajageuka na kikombe akakakamaa, macho yakapinduka, povu likamtoka. Mwili ulikuwa unaunguza. Mke wangu akasema twende kituo cha afya. Mimi nikasema tusimame katika imani.

Ukweli ni kwamba niliogopa sindano. Nimekulia Iyula, na bibi yangu alitufundisha kuwa mtoto wa degedege akichomwa sindano harudi. Basi Biblia na maneno ya bibi vilikuwa vinakula sahani moja kichwani mwangu, na vyote nikaviita imani.

Nikampigia mtumishi mmoja wa Mungu aliyekuwa na huduma yake ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia. Watu wa Tunduma tuna ugonjwa huo: nabii wa upande wa pili wa mpaka siku zote ana nguvu kuliko wa mtaani kwetu, na nasikia wa Nakonde nao wanavuka kuja kwa wa kwetu. Nikaweka spika, nikailaza simu kifuani kwa mtoto. Mtumishi akakemea kwa Kibemba, akakemea kwa Kiswahili, akafika pale pa kuamuru pepo litoke, simu ikakatika. Simu ilikuwa imehamia mtandao wa Zambia, kama zinavyofanya simu zetu zote, na vocha yangu huko haifanyi kazi. Nikapanda juu ya stuli, mkono hewani, nikiitafuta Tanzania.

Nilipoipata, kitandani hapakuwa na mtu. Mke wangu, ambaye maombi yake huyafanya kimya huku anaosha vyombo, alikuwa barabarani na mtoto mikononi, anaingia kwenye bajaji.

"Baba, wewe ombea huko huko," alisema, bajaji ikaondoka.

Nilifika kituoni kwa miguu, nahema. Mtoto alikuwa ameshachomwa sindano, ametundikiwa dripu, amelala. Muuguzi akasema malaria ilikuwa imepanda kichwani, na kwamba tungechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mengine. Nilikaa sakafuni nikalia. Niliomba pia, na hayo ndiyo maombi pekee ya siku ile ambayo sikutaka mtu ayasikie.

Ungedhani nilijifunza. Jumapili, mtoto akiwa mzima anatafuna biskuti, nikasimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Nikaeleza povu, simu, mtumishi. Kituo cha afya nilikiruka, sindano sikuigusa. Watu wakashangilia, nami nikanogewa, nikaongeza kwamba pepo lilitoka likipiga kelele. Mke wangu alikuwa benchi la kwanza, anaangalia viatu vyake.

Ibada ilipoisha, mama mmoja kijana akanijia, mtoto mgongoni ndani ya kitenge, shingo imelegea.

"Shikamoo, mzee. Naomba namba ya yule mtumishi. Huyu anachemka tangu juzi. Nilikuwa nimpeleke hospitali, ila ulivyosema pale nimepata nguvu."

Nikamwambia mwanangu alitibiwa, alichomwa sindano, na ile simu ilikatika kabla ya amina. Nikamwambia twende kituoni sasa hivi. Alinitazama, anamtingisha mtoto taratibu.

"Sasa mzee, mbona pale mbele hukusema?"

Nilitaka kushangiliwa, hilo tu. Nikamwambia hivyo hivyo tukiwa njiani, naye akakaza kitenge, akatangulia mbele.