Goti la Mwosha Maiti

Goti langu la kulia liligoma mara ya kwanza nikiwa katikati ya kuosha maiti. Hapa Mlingotini mwanamke akifa huoshwa na mimi na mwenzangu mmoja, kama walivyoosha mama zetu wadogo kabla yetu. Kitanda cha kuoshea ni cha msikiti, cha kamba, kifupi, huwekwa juu ya shimo la kupokelea maji, na mwosha hupiga magoti pembeni juu ya gunia lililokunjwa. Siku ile nilimaliza kumtawadhisha marehemu, nikataka kuinuka, goti likakwama. Halikunyooka wala halikukunjika. Wanawake wakanishika makwapani na mapajani wakanitoa uani kama kiroba cha muhogo, marehemu amebaki kitandani ananingoja. Sikupenda. Si adabu kumsubirisha maiti kwa ajili ya goti la mtu.

Mwenzangu huyo alikuwa mtani wangu. Kwao upande wa Saadani, kaletwa huku na ndoa, akakaa. Tulikuwa tumeahidiana tangu zamani kwamba atakayetangulia ataoshwa na atakayebaki. Mimi ahadi hiyo niliichukua kama deni la dini. Yeye aliicheka kila siku, na hali ndiye aliyekuwa mgonjwa. Moyo wake ulikuwa umetanuka, miguu inajaa maji, akilala sharti aegemezwe mito.

"Fanya upesi na hilo goti," aliniambia. "Mimi sina muda wa kukungoja. Ukichelewa nitaoshwa na hawa wasichana wanaoogopa hata kunishika sikio."

"Wewe lini ulifika mahali kwa wakati?" nikamwambia. "Hata siku ya harusi yako tulikungoja mpaka pilau ikapoa."

"Ndiyo nakwambia. Safari hii nimejirekebisha."

Nikatumia kila walichosema watu. Mafuta ya nyonyo, majani ya mbono, sindano za zahanati, mafuta ya samaki ambaye simtaji kwa harufu yake. Goti likawa linakwama hata nikitoka chooni. Mwisho binti yangu akanipeleka Dar es Salaam, kwa daktari wa mifupa, kijana mwembamba anayesema taratibu.

"Bibi, ndani ya goti kuna vipande vya gegedu, ule mfupa laini, vimekatika, vinaelea," alisema. "Kikiingia kimoja kwenye maungio, goti linakwama. Hatupasui goti lote. Tunatoboa matundu mawili madogo. Moja linaingia kamera, jingine linaingia kifaa cha kutolea vile vipande. Halafu tunaosha kwa maji."

"Mnaosha?"

"Tunaosha, bibi."

"Nikishaoshwa nitapiga magoti?"

Akaitazama picha ya goti badala ya kunitazama mimi. "Halitakwama tena. Na maumivu yatapungua. Lakini limeshasagika, si goti jipya."

"Nimekuuliza habari ya magoti."

"Hilo siwezi kukuahidi."

Nilimheshimu kwa kutonidanganya. Lakini kusikia na kukubali ni mambo mawili, nami nilirudi nyumbani nikasema daktari atanitengeneza.

Ikafika siku. Nesi alikuwa ameniambia tangu jana yake nisile, nisinywe, ila kidonge changu cha presha nikimeze kwa funda moja la maji kwa kuwa hicho ni dawa. Sawa. Kufunga nimefunga maisha yangu yote, hilo halikunitisha. Asubuhi, nimekaa kwenye kitanda cha hospitali nimevalishwa lile gauni lisilofungika nyuma, binti yangu akanitolea chupa aliyopewa na mtani. Ilikuwa kombe. Mwalimu wa chuo cha Kurani kaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, mtani mwenyewe kaishika sahani kwa mikono yake, wakaisuuza kwa maji ya waridi, wakajaza chupa. Sasa mimi nimwage? Nikainywa yote mpaka tone la mwisho. Hesabu yangu ilikuwa kwamba chakula kimekatazwa, maji ya kunywa yamekatazwa, dawa imeruhusiwa, na kombe ni dawa.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji nesi mwingine akaniuliza, "Shikamoo bibi. Umekula au umekunywa kitu?"

"Marahaba. Sijala, sijanywa. Nimemeza kidonge cha presha na kombe."

Yule alikuwa mtoto wa pwani, nilimwona alivyofumba macho. "Kombe kiasi gani, bibi?"

"Chupa."

"Chupa nzima?"

"Kombe nusu ni la nini?"

Akaenda kwa daktari wa usingizi. Akarudi na jibu nililoliona usoni mwake kabla hajafungua mdomo. Tumbo lina maji, na foleni imejaa, nitapangiwa siku nyingine. Nikavua gauni lao nikavaa langu. Binti yangu akanirudisha Mlingotini kanuna. Siku hiyo nyingine ilichukua wiki nyingi kuja.

Mtani aliposikia alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, tukamwinua kwenye mito. Alipopumua akasema, "Basi nimekuponza."

"Hujaniponza. Nimekunywa mwenyewe."

Kisha akachukua kanga kuukuu iliyokuwa kitandani kwake akaniambia nisimame karibu, nikanyage pindo. Akaivuta kanga toka unyayoni mpaka nyongani kwangu, akapiga fundo pale ilipofika.

"Unafanya nini?"

"Napima. Kimo chako cha kuku, nataka kujua sanda yako itabaki kiasi gani, nishone pazia."

Akaisukuma kanga chini ya mto. Nilijua ni utani wake tu, nikaenda zangu kupika.

Safari ya pili sikunywa kitu, hata mate niliyameza kwa wasiwasi. Walinichoma sindano ya mgongo, na kuanzia kiunoni nikawa sina miguu. Nilikuwa macho. Nilimwona msaidizi mmoja akishika mguu wangu kisiginoni kwa mkono mmoja, akauinua, akauachia ukaanguka mezani. Sikusikia kitu, lakini niliona.

"Mwanangu," nikamwambia, "mguu wa mtu hauinuliwi hivyo. Mkono mmoja chini ya kisigino, wa pili chini ya goti, na unaushusha, hauutupi."

"Samahani, bibi. Umeumia?"

"Sijaumia. Hata maiti haumii."

Daktari akasema, "Fanya kama bibi alivyosema."

Walinionyesha kwenye skrini. Ndani ya goti langu kulikuwa kweupe kama nyama ya dafu, na vinyuzi vikicheza huku na huku kama mwani maji yanapojaa. Kidude kidogo kikawa kinavitafuna na kuvivuta, maji yakipita. Miaka yote nimeosha watu, siku hiyo nikalala nikaoshwa. Nilijisikia nimechoka kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya.

Matundu yalipona upesi. Ukasalia uchovu: kunyoosha mguu kitandani, kukaza paja, kuhesabu, kulegeza, kwenda chooni na mkongojo, kurudi, kuanza tena. Goti halikukwama, Alhamdulillahi. Lakini siku nilipojaribu kupiga magoti juu ya mto, maumivu yalinipanda mpaka kwenye meno. Nikajaribu kesho yake. Nikajaribu wiki nyingine. Nikaenda kwa mtani nikiwa sina nguvu hata ya kugombana.

"Goti limesafishwa," nikamwambia, "ila magoti sipigi. Ile ahadi yetu basi."

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Ulinieleza maneno ya daktari siku ya kwanza. Nikasikia mimi, hukusikia wewe."

Haukupita mwezi akafa, Ijumaa asubuhi, amekaa kwenye mito yake. Nilikwenda na mkongojo. Nilikusudia kukaa kitini pembeni na kuwaelekeza wasichana, na moyo wangu haukutaka. Wakakileta kitanda cha msikiti, nikadhani wamekosea. Kilikuwa kimeungwa miguu mipya ya mbao, kirefu, kinanifika nyongani.

Fundi aliyekibeba alikuwa na ile kanga begani, fundo bado limefungwa. "Shikamoo, bibi. Marehemu alinipa kipimo, akazungumza na watu wa msikiti mwenyewe. Alisema nisikuletee habari kabla ya siku yenyewe."

Nikaichukua kanga. Nikajifunga kiunoni.

"Kirefu mno hiki," alinong'ona msichana mmoja. "Sisi wafupi tutaoshaje?"

"Panda tofali," nikamwambia. "Lete majani ya mkunazi."

Nikamwosha nimesimama. Goti liliuma tangu mwanzo mpaka mwisho, lakini halikunitupa. Miguu yake ilikuwa mizito kwa yale maji. Niliiinua mmoja mmoja, mkono chini ya kisigino, mkono chini ya goti, nikaishusha polepole. Tulipomaliza kumkausha, ndipo nikaomba kiti.