Miiba ya Tasi

Ukipasua tumbo la samaki tasi hutoka harufu ya mwani, kwa sababu ndicho chakula chake. Jana sokoni harufu hiyo ilinirudisha utotoni, uani kwetu, hapa hapa Nakuru.

Mjomba, mfanyakazi wa reli, alikuwa ametuletea kikapu cha tasi kwa gari la moshi kutoka Mombasa. Watoto wa majirani, waliozoea samaki wa ziwani, wakaja kutazama. Nikawaeleza kwamba sisi watu wa pwani tunamjua tasi: hutembea kwa makundi, akila mwani kama ng'ombe wa Dundori malishoni. Bahari yenyewe sikuwa nimeiona.

"Basi mshike," akasema binti wa jirani.

Nikamshika mgongoni. Miiba ya tasi ina sumu hata akiwa amekufa. Nililia mpaka mama akaja kuniloweka mkono kwenye maji ya moto.

"Pole," yule binti akaniambia, kwa huruma kabisa. "Kumbe wewe ni wa hapa tu, kama sisi."

Jana muuza samaki aliniuliza, "Mzee, wewe ni mtu wa pwani?"

Nikajibu ndiyo, mikono nimeificha nyuma.