Swali la Mama Umemeza

Saa moja na dakika kumi asubuhi, benchi la kliniki ya presha limejaa hadi mlangoni. Mpimaji anafunga mkanda kwenye mkono wa fundi seremala mstaafu, anabonyeza mashine, na wote wawili wanatazama namba: 186 kwa 112.

Anapima tena. Haishuki.

"Baba, umemeza dawa leo?"

"Nimeze na nini, mwanangu? Si niliambiwa nije bila kula, natolewa damu." Anatoa mfukoni vidonge viwili vilivyofungwa kwenye karatasi. "Hivi hapa. Vinasubiri chai."

Benchi linacheka, lakini kwa uangalifu. Wengi nao wamevifunga vyao kwenye leso.

Kwa swali hilo, mama huyu wa miaka hamsini na mitatu amebandikwa jina la Mama Umemeza. Cheo hana, ni mhudumu tu. Kwa miaka kumi na tisa amepima watu wasiopungua arobaini kila asubuhi, kwa mashine ambayo wakubwa huahidi kuibadilisha kila wanapokuja kupigwa picha.

Udaktari hakusomea, ila vidonge vya fundi anavijua. "Hiki kinakojoza maji na chumvi iliyozidi. Hiki kinalegeza mishipa, damu ipite bila kusukumana. Ukiruka leo, presha haikungoji."

Namba kubwa haimtishi kama kinachofuata. Daktari akiiona, huongeza kidonge cha tatu. Mgonjwa hufika nyumbani, humeza vyote, presha ikaporomoka. Dada yake mkubwa alianguka hivyo bafuni, akavunjika nyonga. Mpaka leo anatembelea gongo.

"Hakuna aliyemuuliza," anasema. "Na siku ile aliyempima ni mimi."

Ndiyo maana hamwachi fundi aingie kwa daktari peke yake. Daktari tayari ameshika kalamu.

"Daktari, huyu hajameza."

"Mama, foleni huioni?"

"Naiona. Na nusu yao hawajameza."

Kalamu inawekwa chini. Daktari anamuuliza fundi kama kifua au kichwa kinamuuma, anampima, kisha anaamuru ameze dawa zake zilezile, arudi kesho.

Mama Umemeza anamletea kikombe cha maji. "Viwili tu, baba. Ulichosahau jana usikifidie leo. Ukiamka, kaa kwanza kitandani ndipo usimame. Na za jirani usiguse, hata kama presha zenu ni mapacha." Anageukia benchi: "Wa sukari, zenu msimeze mkiwa na njaa. Mwulizeni daktari kwanza."

Kesho yake mashine inasoma 138 kwa 84.

"Umenipima au umenionea huruma?" fundi anauliza.

"Huruma haina mkanda, baba."

Kidonge cha tatu hakikuandikwa.

Mara mbili ameuomba uongozi uchapishe mstari mmoja kwenye kadi za wagonjwa. Kwanza aliambiwa hakuna bajeti, kisha asubiri kamati. Viti vyao vipya havikusubiri kamati yoyote.

Basi anaandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu: "Siku ya kupimwa, meza dawa zako za presha kwa maji." Kliniki ina wagonjwa elfu moja na mia moja. Amefika kadi ya mia sita na nne, na kustaafu kwake kwa hiari kumebakiza miaka miwili.

"Wakichapa, wachape," anasema, akivuta kadi nyingine. "Wasipochapa, nitakuwa nimemaliza kabla kamati haijakaa."